Futari ya babu na bibi: maswali yenu kuhusu kuwasaidia wazee Ramadhani

Tangu Shaabani, maswali mengi yaliyotufikia kutoka Moshi na Arusha yanazunguka jambo moja: wazee wanaoishi wawili tu, mume na mke, watoto wako mbali au wametangulia, na Ramadhani inawakuta hawana kitu jikoni. Tumechagua machache. Ya fiqhi tumeyajibu kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi huku kwetu. Pale wanazuoni wanapotofautiana tumesema hivyo.

Kikundi chetu cha akina mama kinataka kuwapa babu na bibi wa mtaani chakula cha mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Wote wamepita miaka sabini na tano. Tuweke nini, kiasi gani? (Pasua, Moshi)

Kwa watu wawili na siku thelathini, hesabu hii inatosha: mchele kilo 10, sembe kilo 8, unga wa ngano kilo 4, choroko au kunde kilo 4, unga wa ulezi kilo 2, mafuta lita 3, tende kilo 2, sukari kilo 3, chumvi na majani ya chai. Tende kilo 2 ni kama tatu tatu kwa kila mmoja kila magharibi, na zinabaki kidogo. Kama mmoja wao ana kisukari, sukari ipunguzeni iwe kilo moja, na pesa iliyobaki inunue karanga za kusaga za kutia kwenye uji na mboga.

Sasa yanayoharibu. La kwanza ni maharage makavu. Kila kikundi kinayaweka kwa sababu ni rahisi kununua soko la Mbuyuni kwa kisado, kopo la kupimia, lakini yakiwa ya zamani yanakaa jikoni saa mbili na zaidi. Bibi atayapika siku moja, aone mkaa ulivyokwisha, na mfuko utakaa pale mpaka fukusi waingie. Choroko zilizolowekwa tangu adhuhuri huiva ndani ya saa moja.

La pili ni mkaa wenyewe. Watu huchangia chakula hadi kinafurika, na hakuna anayeuliza kitaivia wapi. Kwa mapishi mawili madogo kwa siku, debe moja la mkaa huenda kama wiki, kwa hiyo wekeni madebe manne au matano. Mwezi ukiangukia masika, mkaa ukaguliwe ni mkavu kabla haujalipiwa, maana ulioloa una uzito mkubwa na moshi mwingi, na moto wake hauna nguvu.

Unga wa dona una faida mwilini kuliko sembe, ila una mafuta ya kiini cha mahindi na baada ya wiki chache hupata uchungu. Mkitaka dona, pelekeni kilo mbili mbili kila wiki. Mahindi ya punje yaacheni: yanahitaji mtu wa kuyabeba hadi mashineni na pesa ya kusaga. Vilevile msishushe kiroba cha kilo 25 mlangoni mkaondoka. Mzee wa miaka themanini hakiinui, na panya watakifikia kabla yake. Fungeni kilo tano tano, mziweke kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo ibaki kwao.

Halafu kuna meno. Wali mkavu na nyama ya kutafuna si chakula cha mtu mwenye meno manne. Hapo Moshi hatuna sababu ya kuhangaika, mtori upo. Ndizi mshare nane, nyama ya mfupa nusu kilo, kitunguu na nyanya. Chemsha nyama kwanza mpaka iachane na mfupa, itoe uichambue vipande vidogo vidogo, tia ndizi kwenye supu ileile ziive hadi zilainike, kisha ziponde kwa mwiko zikiwa bado za moto. Zikipoa kwanza hufanya mabonge. Rudisha nyama, uiache ichemke kidogo. Hiyo ni futari ya wazee wawili na sahani moja ya akiba. Ndizi na nyama hazikai, basi tengeni pesa ya kununua mara moja kwa wiki na mchagueni dada mmoja wa kwenda nayo.

Na daku msiisahau. Futari ina wapelekaji wengi, na daku haina mwenyewe. Mnaweza kupokezana kupeleka uji baada ya tarawehe: suuzeni chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mmimine uji ukiwa unatokota, mfunge. Saa kumi alfajiri bado utakuwa wa moto. Msitie maziwa, yatachacha kabla ya daku.

Wazazi wangu ndio maskini kuliko wote ninaowajua. Naweza kuwapa zaka yangu ya mali mwaka huu? (Sombetini, Arusha)

Hapana. Kama unao uwezo, kuwatunza wazazi ni wajibu wako, na kwa kuwapa zaka utakuwa umejilipia deni lako mwenyewe. Babu na bibi waliomzaa mzazi wako wako kwenye hukumu hiyohiyo. Wape kwenye mali yako nyingine, zaka itoke kwenda kwa wengine.

Lakini shangazi, mjomba, kaka, dada na wakwe zako wakiwa mafukara unawapa, na ni bora kuliko kumpa mtu baki: hadithi aliyoipokea Tirmidhi inasema sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa ndugu ni mbili, sadaka na kuunga udugu. Tunaona mara nyingi mke analisha wakwe zake mwaka mzima, kisha anauliza zaka yake aipeleke wapi. Mama mkwe si mama yako kwa hukumu hii. Mpe.

Kiasi ni asilimia 2.5 ya akiba iliyotimiza mwaka wa Kiislamu na kufikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu. Wapo wanaopima kwa madini ya fedha, gramu 595, na kipimo hicho ni cha chini zaidi, kwa hiyo kinawafaa zaidi maskini. Kwenye kila milioni moja unatoa 25,000.

Babu hawezi tena kufunga, na hana pesa ya fidya. Analia kila siku kwamba atakufa na deni. (Majengo, Moshi)

Mwambieni asilie. Mtu aliyezeeka asiweze kufunga, wala hatarajii kuweza baadaye, halipi siku. Badala yake analisha maskini mmoja kwa kila siku, na hiyo ndiyo fidya, kama ilivyo katika Sura Al-Baqara, aya ya 184. Kipimo kwa madhehebu yetu ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, robo ya pishi, kama gramu 600 hadi 700 za mchele. Wengi huweka gramu 750 kwa kujihadhari, na kwa mwezi wa siku thelathini inakuwa kilo 22 na nusu. Wafuasi wa Abu Hanifa hutoa nusu pishi, mara mbili yake.

Asiye na uwezo, wanazuoni wengi wanaona fidya inamwondokea, kwa kuwa Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Mjukuu au mtoto akitaka kumlipia, amwambie kwanza na babu aridhie. Si lazima nafaka ilipwe yote siku moja: inaweza kutolewa kila siku inapopita, au yote mwisho wa mwezi, na maskini mmoja anaweza kupokea ya siku zote. Kosa linalorudiwa ni kuitoa yote Shaabani, mwezi haujaanza. Hapo hakuna siku iliyokwisha kumpita ya kulipiwa.

Mume wangu ana kisukari na mimi nina presha. Nesi kasema tusifunge, mzee amekataa. Tufanyeje? (Ngarenaro, Arusha)

Mama, mpeleke kwa imamu kabla ya kumrudisha kwa nesi. Wazee wengi wa rika lake hawashindani na daktari kuhusu sukari, wanaogopa dhambi, na anayeweza kuwatoa hofu hiyo ni mtu wa dini. Imamu anayejua kazi yake atamsomea kwamba mgonjwa ana ruhusa, na kwamba kujiangamiza si ibada.

Kwa wale ambao kliniki imewaruhusu kufunga, zingatieni haya. Kumwona daktari kunatakiwa wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Kama umechelewa, nenda leo. Dawa hazihamishwi wala kugawanywa kwa kukisia: yapo makundi ambayo dozi ya asubuhi inapelekwa futari, mengine yanapunguzwa daku, na insulini ina hesabu yake peke yake. Vidonge vya presha vinavyotoa maji kwa mkojo vitajeni kwa jina kwa daktari, vinaweza kumkausha mfungaji.

Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au kupanda zaidi ya 16.6 kwenye kipimo chetu cha milimoli, anafungua palepale, hata kama zimebaki dakika kumi. Mwone akitetemeka, akitoka jasho jingi bila joto au akianza kujibu mambo yasiyoeleweka: mpe maji ya sukari vijiko vitatu vya chai, mpime tena baada ya dakika kumi na tano. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kuna jambo ambalo wanaowasaidia wazee hawalioni. Katika nyumba ya kimaskini, hatari kubwa mara nyingi ni kidonge cha sukari, hasa aina ya glibenklamidi, kinachomezwa magharibi juu ya kikombe cha chai kavu kwa kuwa hakuna chakula. Dawa inafanya kazi yake, na haikuti kitu tumboni. Mkiwapelekea wazee hawa chakula, kiwafikie kabla ya adhana.

Kuhusu gharama: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka matibabu ya bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Beba barua ya ofisi ya mtaa na kitambulisho, uulizie ustawi wa jamii hapo hospitalini. Dawa isipokuwepo dirishani na ukaambiwa ununue nje, hapo ndipo mchango wa jirani unapofaa kuliko kaimati.

Tuna pesa ya kusaidia kaya tano za wazee, lakini wanaojitokeza ni walewale kila mwaka. Tuwapateje wasioomba? (Kaloleni, Arusha)

Aya ya 273 ya Al-Baqara inawataja hasa hao: asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Babu wa namna hiyo amevaa kanzu iliyopigwa pasi na anasalimia kwa sauti kuliko nyote. Msimtafute kwenye foleni.

Nendeni kwa Mangi, mwenye duka la karibu. Anajua nani alikuwa ananunua sukari kilo na sasa ananunua robo, nani ameacha mafuta, na nani ana ukurasa mrefu kwenye daftari la madeni. Mwuza genge naye anajua nani huja jioni kuuliza nyanya zilizopondeka. Mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi wana orodha, lakini orodha zao zina uzito wa siasa na ujirani, tumieni kama nyongeza. Msikitini mwulizeni muadhini, si kamati: yeye ndiye anayeona nani ameacha kuja isha kwa kukosa nguvu za kutembea.

Daftari la Mangi ni mahali pazuri pa kuweka sadaka, kwa kuwa mzee anayedaiwa huona aibu kurudi dukani na anaishia kununua mbali kwa bei ya juu. Mwombeni awaonyeshe ukurasa, jumlisheni wenyewe, lipeni, na mstari uchorwe mbele yenu. Tofautisheni nia tu. Ikiwa ni sadaka ya kawaida, lipeni kimya kimya, Mangi atasema deni limelipwa na msamaria. Ikiwa ni zaka, kwa madhehebu ya Shafi mpateni kwanza mdaiwa awape idhini, maana zaka inatakiwa imfikie yeye au ilipwe kwa ruhusa yake.

Na mnapokwenda nyumbani, ongeeni na bibi. Babu atasema "tunamshukuru Mungu, tupo vizuri." Bibi ndiye anayejua debe la unga limefika wapi.

Mimi ni Mkristo. Majirani zangu ni wazee Waislamu wanaofunga. Nikiwapelekea futari watapokea? (Rau, Moshi)

Watapokea, na kwa mila za uchagani watashangaa kwa nini umechelewa. Pelekea vitu visivyo na wasiwasi: ndizi, magimbi, viazi vitamu, maziwa, parachichi, tende, unga. Nyama wape pesa wanunue wenyewe au uinunue kwenye bucha wanayonunua wao, kwa sababu ya uchinjaji. Kama nyumbani kwako hupikwa kitimoto au pombe ya mbege, peleka vikavu badala ya vilivyopikwa, usimwachie bibi shaka ya sufuria. Fika kama saa kumi na moja jioni, piga hodi, shikamoo yako itatosha kueleza mengine.

Na anayeuliza kinyume chake: sadaka ya kawaida ya Mwislamu inamfaa jirani Mkristo fukara bila tatizo. Zaka ya lazima ndiyo ambayo wanazuoni wengi wameihusisha na Waislamu.

Niko Dar, nawatumia bibi na babu Moshi pesa kwa simu. Kila nikiuliza, haikutosha. (Msomaji, Temeke)

Anza na ya kutolea. Ukituma 50,000 bila makato ya wakala, bibi anapokea pungufu na anaona haya kusema. Pili, jiulize simu iko kwa nani. Wazee wengi namba ya siri anaijua mjukuu, na mjukuu ana mahitaji yake. Hatumhukumu mtoto wa watu, ila mpigie bibi mwenyewe muda huohuo umtajie kiasi, mjukuu akiwa anasikia.

Kutuma kidogo kidogo kila siku ni kulisha makato. Kutuma yote siku ya kwanza nako kunavuta ndugu wenye shida. Mara mbili ndiyo afadhali: siku tatu kabla ya mwezi, na siku ya kumi na nane hivi. Nusu ya pesa unaweza kumtumia Mangi moja kwa moja kwa makubaliano ya bidhaa zilizotajwa, naye akakutumia picha ya ukurasa wa daftari.

Wafundishe wazee jambo moja tu kuhusu matapeli: anayepiga simu akidai "nimekosea kutuma, nirudishie" ajibiwe aende kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake. Na wewe, kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea.

Wafadhili wetu wanataka picha za wazee wakipokea vyakula. Inafaa? (Sakina, Arusha)

Pigeni picha vifurushi, risiti na gari. Mzee aachwe. Aya ya 264 ya sura hiyohiyo inasema masimango na maudhi hubatilisha sadaka, na kumsimamisha bibi mbele ya kamera na mfuko wa sembe ni maudhi hata akitabasamu. Mfadhili akidai uthibitisho, mpeni orodha iliyotiwa sahihi na namba za kaya bila majina. Akikataa, tafuteni mwingine.

Zakatul-fitri tuwape wazee lini, na tuwape mchele au pesa? Mwaka jana tulibaki na 60,000 pia, hatukujua pa kuipeleka. (Njoro, Moshi)

Kiasi ni pishi moja kwa kila mtu, kama kilo 2 na nusu, na anayejihadhari hutoa 3. Pimeni kwa mzani: kisado cha sokoni hutofautiana kwa mwuzaji na kwa namna anavyokijaza. Madhehebu ya Shafi hutaka nafaka inayoliwa mjini, kwa hiyo mchele au mahindi ya punje. Pesa wanairuhusu wafuasi wa Abu Hanifa. Kwa wazee chagueni mchele, kwa sababu ile ya mashine tuliyoitaja. Uwe mzuri, ule mnaoupika kwenu. Chenga zenye mawe kwa mtu asiye na meno wala macho ya kuchambua ni adhabu.

Itoke kabla ya swala ya Idi. Kwa Shafi kuichelewesha hadi baada ya swala kunachukiza, na kuipitisha siku ya Idi bila udhuru ni dhambi; wapo wanazuoni wanaosema baada ya swala inakuwa sadaka kama nyingine. Wengi husubiri asubuhi ya Idi, kumbe bibi alihitaji mchele jana yake ili awe na utulivu. Ibn Umar alikuwa akiitoa siku moja au mbili kabla, na kwa Shafi inafaa tangu mwezi unapoanza. Siku ya ishirini na saba au ishirini na nane ni nzuri.

Kisha kuna hali inayowashangaza wengi: wazee wakipokea mchele kutoka nyumba kumi, wakawa na zaidi ya chakula chao cha usiku na mchana wa Idi pamoja na mahitaji yao ya lazima, na wao wanawajibika kutoa pishi moja moja. Si dhulma. Wengi wao hufurahi sana kuitoa, msiwazuie kwa kuwaonea huruma.

Ile 60,000 inategemea ilichangwa kwa nia gani. Ya fitri haikutakiwa kulala, ilipaswa kuwa nafaka mikononi mwa maskini kabla ya swala. Ya sadaka ya futari, waulizeni waliochanga. Wakiridhia, nunueni mkaa wa mwezi wa Shawali, lipieni dawa zilizokosekana dirishani, au mfunike lile bati linalovuja juu ya kitanda. Idi ikipita, sahani huacha kuja siku hiyohiyo, na wazee wengi hujaribu bado kufunga zile siku sita za Shawali.